Namba Arobaini na Moja

Baba alipoliandikisha gari la maiti kwenye mbio za magari,
karani wa Jinja aliweka kalamu chini.
"Mzee Tenywa, mteja wako ana haraka gani?"

Ni Pijo, famili, nyeupe ya maziwa yaliyolala,
mapazia ya lesi madirishani,
reli mbili za chuma nyuma, urefu wa jeneza.
Kwenye reli tulifunga matairi mawili ya akiba,
jeki, debe la maji, ndizi za kuchoma.
Kwenye kioo cha nyuma maneno yalibaki:
MWENDA POLE HAJIKWAI.
Rangi ya kuyafuta ilikuwa bei ya plagi nne.
Tukachagua plagi.

Mimi, Kagoya, ndiye msomaji wa njia.
Daftari la kurasa tisini na sita, kalamu ya risasi,
kona zote kutoka Bugembe hadi Buwenge
nimezipima wiki mbili kwa baiskeli:
kushoto tatu, usikate, kuna kisiki;
kulia mbili, inabana, choo cha shule;
moja kwa moja mita mia nne, baba, hapa sali.

Mbele yetu walipangwa kina Subaru
wenye mbawa mgongoni na mafuta ya kuagizwa,
injini zikikohoa kwa madaha.
Baba alivaa kofia ngumu ya bodaboda ya mjomba Isabirye
na suti yake nyeusi, kwa kuwa hana nyingine.

Bendera ikashuka.

Ambalo sikuliandika daftarini ni watu.
Walijaa kingo za mashamba ya miwa,
wakigonga makopo, wakipunga matawi,
kila dereva na vigelegele vyake.
Tulipotokea sisi,
vumbi nyuma kama moshi wa tanuri la matofali,
mshale unagusa mia na kumi,
kelele zikakatika.
Wanaume walivua kofia.
Wanawake walipiga magoti kando ya njia.
Mtoto mmoja alikuwa na muwa mdomoni;
akautoa, akaushika kifuani.
Kona baada ya kona, kimya, kofia, magoti.
Wanalijua gari: limewabebea mama, limewabebea pacha,
na hakuna aliyewaambia kwamba leo ndani hamna mtu
ila mimi ninayepayuka, "Kulia tano! Kulia tano, baba!"
na matairi mawili yanayogonga reli, du, du, du,
kama mtu anayetaka kutolewa.

Karibu na kinu cha mahindi, Subaru namba tatu
imelala chali kwenye miwa, magurudumu bado yanazunguka.
Dereva amekaa pembeni, damu puani, anatazama viatu vyake.
Baba akafunga breki, akashusha kioo.
"Kijana, panda, nikufikishe hospitali."
Yule akatazama mapazia. Akatazama reli.
Akaitazama suti.
"Mzee, ahsante. Mimi sijafika huko."
Akasimama, akatembea mwenyewe, bila hata kuchechemea.

Dakika nne zilituponyoka pale.
Tulianza arobaini na mmoja;
lango la mwisho tuliliona kumi na tisa,
na wa kumi na tisa tulikuwa sisi.
Karani alituandika bila kucheka.

Jumatatu alfajiri simu ikalia kutoka Namulesa.
Bibi Nangobi amefiwa na mumewe, fundi saa.
Baba akachukua tambara aifute namba mlangoni;
tuliichanganya chokaa na gundi, ikagoma.
Mjane akasema, "Iache.
Maisha yake yote alichelewa. Leo na awahi."

Tulikwenda mwendo wa watembea kwa miguu,
suti ileile, vumbi la Jumamosi kwenye mikunjo.
Nilikaa mbele, daftari mapajani, sikulifungua.
Kwenye choo cha shule
maneno yakanitoka yenyewe, chini kwa chini:
kulia mbili, inabana.
Na baba, bila kunitazama,
akabadilisha gea.